NVDA kwenye laptopu ya mtumba, mwaka mzima chuo Mtwara

Naandika kwa wenzangu wasioona mnaoingia chuo mwaka huu. Mi sioni kabisa, nasoma hapa Mtwara mjini, jina la chuo tuachane nalo.

Kwanza hii NVDA, programu inayotusomea skrini kwa sauti, ni bure, bure kabisa yani, JAWS inayofanya kazi hiyohiyo ni ya kulipia na bumu la mkopo mnajua linavyoyeyuka. Walioianzisha 2006 ni Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, ndo maana ukiitumia unaona (haya, unasikia) kwamba hawa jamaa wanatujua. Inakaa hata kwenye fleshi, nikifika maabara ya kompyuta nachomeka, Insert na mshale wa chini inaanza kusoma, Control inanyamaza.

Sauti sasa. Hiyo eSpeak inayokuja nayo ni kama mtu kafungiwa ndani ya pipa, rumeti wangu siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Ukiiacha kwenye Kiingereza afu ukaipa handauti ya Kiswahili utajuta, ingia setingi chagua Kiswahili, mbona utazoea, saivi naikimbiza spidi ambayo rumeti haambulii hata neno.

Inapogota ni PDF za picha. Lekchara anapeleka notsi steshenari, zinatolewa kopi, CR, yani kiongozi wa darasa, anazipiga picha na simu anarusha kwenye grupu la WhatsApp, hapo NVDA haina cha kusoma. Kuna Insert na R, kuanzia Windows 10, inajaribu kutambua maandishi kwenye picha, ila picha zenyewe zimepigwa usiku na kidole cha CR kipo pembeni, "maendeleo" inakuja "rnaendeleo". Majedwali ndo usiseme. Semista iliyopita handauti ya takwimu nimeipata siku mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, rumeti akanisomea mpaka saa nane usiku, umeme ukakata, mi giza halinihusu ila yeye masikini akamalizia na tochi ya simu.

Na hiyo handauti lekchara mwenyewe kaitaipu kwenye Word! Lekchara mwingine nilimfata ofisini, akaniambia "kumbe ni hivyo tu mwanangu?" akanitumia faili palepale. Huyu wa takwimu anasema tutamsambazia notsi zake.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu ni ya Windows tu, kwenye simu za Android tumieni TalkBack, nayo inasoma skrini.