Kabimazoli kwa ugonjwa wa Graves: uzoefu wa mama anayenyonyesha

Naipa kabimazoli, kidonge cha kupunguza homoni za tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja nzito, nitaieleza. Ninayemwandikia hasa ni mama aliyejifungua mwaka huu, anakula vizuri lakini anakonda, na kila anayemlalamikia anamjibu kwamba ni uchovu wa kulea.

Mimi yalinianza miezi michache baada ya kumpata mtoto wangu wa pili. Moyo ulienda mbio hata nikiwa nimelala. Mikono ilitetemeka, chooni nilikwenda mara kwa mara, na Julai, wakati Dar es Salaam yote inajifunika shuka, mimi nililala juu ya sakafu kutafuta ubaridi. Mtaani wakaanza kunong'ona kuhusu ukimwi. Nikapima, sina. Mama mkwe akasema ni kijicho, akanifukizia ubani. Alifanya kwa mapenzi na ninamshukuru, ila mapigo ya moyo hayakupungua.

Majibu ya damu ndiyo yaliyofungua njia: T4 na T3, yaani homoni za tezi hiyo, ziko juu sana, na TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, imeshuka karibu na sifuri. Hapo daktari wa homoni hakukimbilia kuandika dawa. Mzazi anaweza kupata uvimbe wa tezi ya thairoidi baada ya kujifungua, tezi ikavujisha homoni ilizohifadhi kisha ikatulia yenyewe. Hali hiyo haitibiwi kwa kabimazoli. Akaagiza kipimo cha kingamwili kiitwacho TRAb, nacho kikaonyesha Graves. Kipimo hicho si rahisi kwa bei, lakini kama uko kwenye hali yangu, usikubali kuanzishiwa dawa kwa kukisia tu.

Ugonjwa wenyewe umepewa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kiini chake hakiko kwenye tezi, kiko kwenye kinga ya mwili. Kinga inatengeneza kingamwili zinazokalia mahali pa TSH kwenye tezi na kuiamuru izalishe homoni bila kupumzika. Ubongo unapunguza TSH ili kuituliza, tezi haisikii. Wanawake tunaugua zaidi ya wanaume kwa mbali, na mara nyingi kuna ndugu mwenye tatizo la thairoidi. Kwangu ni mama mdogo. Juu ya urithi huo huja vichochezi: uzazi, msongo mkubwa wa mawazo, maambukizi, sigara, na madini joto (iodini) kupita kiasi. Lakini haujali damu peke yake. Rais wa Marekani George H. W. Bush aligundulika nao 1991, miaka miwili tu baada ya mkewe Barbara, na hao hawakuwa ndugu wa damu. Habari hiyo ndiyo iliyomfanya mama mkwe aache kutafuta aliyeniroga.

Kuhusu madini joto nisikilizeni vizuri. Shemeji aliniletea unga wa mwani kutoka Unguja, aliambiwa unatibu rovu, uvimbe wa shingo. Rovu la zamani la nyanda za juu, Iringa na Mbeya, lilitokana na upungufu wa madini joto, ndiyo maana chumvi yetu huongezwa. Shingo yangu imevimba kwa sababu nyingine kabisa, na mwani wenye madini joto mengi unaweza kuichochea zaidi tezi ambayo tayari imepamba moto. Chumvi ya kawaida jikoni naendelea nayo kama wengine.

Sasa dawa. Nilianza na miligramu 20 kwa siku pamoja na propranololi. Propranololi ndiyo iliyonipa ahueni ya haraka, moyo ukatulia ndani ya siku chache (mwenye pumu amwambie daktari mapema, inaweza kumbana kifua). Kabimazoli inakwenda polepole, kwa sababu inazuia homoni mpya kutengenezwa tu. Zile zilizokwisha hifadhiwa lazima zitumike ziishe. Wiki kadhaa za mwanzo utadhani unameza chaki. Kisha usingizi ukarudi, mikono ikatulia, kilo zikapanda. TSH ilichelewa kupanda hata baada ya T4 kuwa sawa, na hilo ni la kawaida, lisikutishe. Kunyonyesha niliendelea, kwa dozi hiyo ya miligramu 20 na kwa ruhusa ya daktari, nikimeza kidonge mara baada ya mtoto kushiba. Leo niko kwenye miligramu 5.

Nyota niliyoizuia ni hii. Kwa wagonjwa wachache sana, kabimazoli hushusha ghafla chembe nyeupe za damu, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha dawa siku hiyohiyo na ukapime picha kamili ya damu, hata kama ni usiku. Mimi koo liliniuma, nikaenda, chembe zikakutwa salama. Lakini duka la dawa nililonunulia halikunieleza lolote. Ni daktari aliyeniandikia onyo hilo kwenye cheti. Wangapi wanapewa vidonge kwenye bahasha ya kaki bila neno hilo? Linaniuma sana.

Mpango wa kawaida ni miezi 12 hadi 18, na baada ya kuacha, karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa. Njia nyingine ni upasuaji au iodini yenye mionzi. Mionzi haifai kwa anayenyonyesha wala mjamzito, na kwa kawaida humwacha mtu akihitaji levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, maisha yake yote. Pia inaweza kuzidisha tatizo la macho linaloletwa na Graves, hasa kwa mvutaji sigara. Macho yangu yametoka kidogo, hivyo mume wangu sasa anavutia nje ya geti.

Mtoto wa tatu tumemsogeza mbele. Kabimazoli katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, na hapo madaktari hupendelea PTU, dawa nyingine ya kuzuia homoni hizo, ambayo nayo ina hatari yake kwa ini. Anayepanga mimba azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, asingoje kukosa siku zake.