Programu ya Kutambua Kobe kwa Picha Moja: Inauona Mgongo, Haiuoni Mkia

Kwa muda wa wiki 6 nimekuwa nikiitumia programu ya simu ambayo, kwa maelezo ya watengenezaji wake, humtambua kobe yeyote wa kufugwa kwa picha moja. Niliijaribu kwa kobe 3 ambao spishi zao zilikwisha kuthibitishwa na daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa wanyama watambaao: Testudo hermanni mzima, Testudo horsfieldii mzima, na mtoto wa Centrochelys sulcata ambaye bado anaenea kiganjani. Ilimpatia wa kwanza, tena nusunusu, ikawakosea wawili waliobaki.

Sababu inaonekana mara tu unapoifungua. Inamtaka mtumiaji ampige kobe picha kutoka juu, gamba lote liingie ndani ya duara lililochorwa kwenye kioo, na baada ya hapo haiombi kitu kingine. Kwa kobe wa kufugwa, mgongo ndio upande unaodanganya zaidi, kwa kuwa rangi yake hubadilika kadiri mnyama anavyokua, gamba la aliyelelewa vibaya huinuka vichuguu visivyokuwa vya asili yake, na lile lililopakwa mafuta na mwenyewe (tabia ambayo ingefaa kuachwa) hung'aa hata mistari yake isionekane. Alama nyingi za kuamulia ziko mkiani, mapajani, kwenye kucha na upande wa tumbo.

Mfano ni yule Testudo horsfieldii, ambaye programu ilimwita Testudo hermanni kwa uhakika wa asilimia 91. Ingalitosha kumwomba mwenye kobe picha ya mguu wa mbele, kwa sababu horsfieldii ana kucha 4 katika kila mguu wa mbele, ilhali hermanni kwa kawaida ana 5. Nakiri kwamba anayetazama mkia peke yake anaweza naye kuteleza, kwani wote wawili wana ncha ngumu kama pembe mwishoni mwa mkia. Lakini kuhesabu kucha hakuchukui hata dakika moja.

Kosa la pili ni zito zaidi, na sioni namna ya kulitetea. Mtoto wa sulcata aliitwa Testudo graeca, ingawa alama inayowatenganisha iko mgongoni kwenyewe, ndani ya duara lile lile: graeca ana kipande chembamba cha gamba katikati, juu tu ya shingo, na sulcata hana kipande hicho, mahali pake pakiwa na pengo. Pamoja na jibu hilo uliletwa ukurasa wa malezi ulionishauri niandae sanduku la usingizi wa majira ya baridi. Makundi mengi ya graeca hulala usingizi huo, lakini sulcata, ambaye asili yake ni ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara, halali, na kumweka kwenye baridi kwa miezi kadhaa ni kumuua. Isitoshe, graeca aliyekomaa unaweza kumbeba mikononi bila taabu, na sulcata dume anaweza kupita kilo 80. Mtu anayejenga banda kwa kufuata ukurasa ule atalibomoa kabla ya miaka mingi kupita.

Majina ya kawaida yanayotolewa na programu nayo yanachanganya. Wajerumani humwita Testudo hermanni kobe wa Kigiriki, na wanaozungumza Kiingereza hulitumia jina hilo hilo kwa Testudo graeca. Programu inayatumia yote mawili bila maelezo. Namshauri msomaji asome jina la Kilatini tu.

Nimesema hermanni alitambuliwa nusunusu. Spishi ilikuwa sahihi, lakini programu haikuishia hapo, bali ilimtaja kuwa wa nususpishi ya magharibi, na haikuwa imeliona tumbo lake. Wa magharibi kwa kawaida ana mistari miwili mipana myeusi inayoambaa tumboni bila kukatika, na wa mashariki ana mabaka yaliyoachana. Wangu ana mabaka. Asilimia inayoandikwa kando ya jibu la namna hii haimsaidii mtu, maana inampa ujasiri asiostahili kuwa nao.

Kwa haki, programu ni nyepesi, hufanya kazi bila intaneti, na haikubabaika nilipoipa picha za Testudo marginata, mwenye ukingo wa nyuma uliopanuka kama sketi, wala za Geochelone elegans mwenye mgongo wa nyota. Ila hao hata mtoto mdogo angewatofautisha baada ya kuoneshwa mara moja.

Kobe wote wa nchi kavu wa familia ya Testudinidae wamo katika viambatisho (orodha za spishi) vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Geochelone elegans amekuwa katika kiambatisho cha kwanza tangu 2019, kwa hiyo anayehitaji kibali asidhani kwamba jibu la simu litapokelewa kama ushahidi. Mimi nimerudi kwenye utaratibu wa zamani: naufuta mgongo kwa kitambaa chenye maji, nampeleka kobe kivulini, nampiga picha za mgongo, tumbo, mkia pamoja na mapaja, na miguu ya mbele, kisha namtumia daktari zote nne.

Programu sijaifuta, kwa kuwa ina daftari la kuandikia uzito wa kila kobe kwa wiki, lenye mchoro unaosomeka vizuri kuliko mengine niliyowahi kuyatumia. Naipa nyota 2 kati ya 5, na moja kati ya hizo ni ya daftari hilo.