Miezi minane na detekta ya mkono getini: betri ndiyo kazi yenyewe

Mimi ni askari wa geti katika duka kubwa moja hapa Mombasa. Nakagua wanawake, na mwenzangu akikosekana nakagua yeyote anayefika. Zamu ni saa 12, kusimama tupu. Tangu shambulio la Westgate kule Nairobi, Septemba 2013, watu wamezoea kupitishiwa mashine mwilini kabla ya kuingia dukani. Wananyoosha mikono hata kabla sijawaambia. Wameniamini. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu mashine hii ya kugundua chuma, hasa betri yake, maana nilipokabidhiwa hakuna aliyenieleza lolote ila "ukisikia mlio, simamisha."

Yangu ni ile ya kawaida inayoonekana kila mahali: nyeusi, umbo kama mwiko mpana wa ugali, swichi ubavuni, taa mbili, na kitufe cha kuchagua mlio au mtetemo. Inatumia betri moja ya volti 9, ile ya mraba yenye vichwa viwili juu, kama ya mita ya fundi umeme. Hata Garrett Super Scanner ya Marekani, niliyowahi kuishika nilipokuwa lindo la hoteli, inakula betri hiyo hiyo, kwa hiyo nitakayosema huenda yakamfaa hata mwenye mashine ya bei.

Kwanza niseme kilichonifanya nianze kufuatilia. Ilikuwa Jumamosi alasiri, foleni imefika barabarani, nami nilikuwa na betri ya siku ya pili. Akapita mzee mmoja fundi, suruali ya kazi yenye mifuko ya mapajani. Nikampitishia mashine mbele, nyuma, miguuni. Kimya. Nikamwambia, "Karibu, mzee." Hakuingia. Akatia mkono mfukoni, akatoa spana ndefu kama kiganja changu, akaniambia taratibu watu wasisikie, "Binti yangu, mashine yako imelala." Nikaitazama taa. Kijani, imewaka vizuri kabisa. Niliisogeza spana karibu: ikaja kulia ilipobaki kama kidole kimoja. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikihesabu ni wangapi nimewapitisha tangu mchana.

Kumbe ndivyo zilivyo nyingi za bei nafuu. Ndani mna koili, yaani waya uliozungushwa, inayotoa uga wa sumaku. Chuma kikikaribia, uga unavurugika na mashine inalia. Koili inahitaji umeme usioyumba. Betri ikianza kushuka, mashine haizimiki, inapunguza tu umbali wake wa kusikia, kidogo kidogo, na wewe huoni. Taa ya kuonya inakuja kuwaka mwishoni kabisa. Afadhali ingezima moja kwa moja, ningejua nimebaki mikono mitupu.

Nikaamua kujaribu betri za aina mbalimbali kwa pesa yangu, nikiandika kwenye daftari la zamu. Betri za mkaa, zile zinazouzwa kila kiosk, nilinunua kwa shilingi 100. Zinamaliza zamu moja vizuri. Siku ya pili kufika saa nne asubuhi zimeshachoka. Alkalini nilinunua 400, nazo zilikwenda zamu nne, ila wiki yenye sikukuu zilikwenda tatu. Ukipiga hesabu, kila zamu ni shilingi 100 kote kote. Tofauti ni kwamba alkalini inashuka polepole na nafasi ya kuigundua ni kubwa, wakati mkaa unaweza kukuangusha katikati ya foleni.

Za kuchaji zilinipa somo zaidi. Ile ya NiMH, aina yenye nikeli, imeandikwa volti 9 kwa nje, lakini nyingi ndani zina seli saba za volti 1.2, yaani volti 8.4. Mashine inaianza ikiwa tayari iko chini kidogo. Yangu ilifikisha zamu moja kwa shida, na ukiiacha kabatini wiki mbili inapoteza chaji yenyewe. Ile ya lithiamu yenye tundu la kuchajia kama simu ndiyo iliyonipendeza kwa nguvu: zamu mbili na nusu, na usikivu ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikifika mwisho inakata ghafla bila onyo. Wenzangu wawili hawakuipenda kwa sababu hiyo. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Tahadhari moja, tafadhali. Baadhi ya mashine zina tundu la chaja chini ya mshikio. Tundu hilo ni kwa betri za kuchaji tu. Mwenzetu wa zamu ya usiku alichomeka chaja mashine ikiwa na alkalini ya kawaida. Asubuhi tulikuta betri imevuja, ungaunga mweupe umejaa ndani, na mashine ile haikufufuka tena.

Mtetemo nao unakula betri kuliko mlio, kwa kuwa unazungusha mota. Nauwasha asubuhi tu wakati matatu zinapiga honi nje na sisikii kitu, baadaye narudi kwenye mlio. Tena meza yetu ilikuwa imegusana na geti la chuma, kwa hiyo kila nikigeuza mkono mashine inalia. Tulipoisogeza kama hatua mbili mbali, milio ya bure ikaisha na alkalini ikaongeza karibu nusu siku. Sakafu pia ina nondo; nikifika kwenye viatu naomba mtu anyanyue mguu kidogo, kina mama wenye mizigo nawapa kiti.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Baada ya miezi mitatu mashine ilianza kuzima nikiitikisa, nikatupa betri mbili nzima nikidhani zimekwisha. Nilipofungua mfuniko nikakuta vile vishikizo vya ndani vimeota kutu ya kijani. Nikavisugua kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikavikausha, ikarudi kama mpya. Sasa nafanya hivyo kila Jumatatu. Mfuniko wenyewe umeshalegea, ndio udhaifu mkubwa wa mashine hii kwa ujenzi. Nimeufunga kwa raba.

Na kuhusu kupima betri kwa kuigusa ulimini, tunavyofanya walinzi wengi: inakuambia ina umeme, haikuambii unatosha. Mita ya fundi ndiyo inayosema kweli, na ya bei ya chini inatosha. Alkalini mpya husoma juu kidogo ya 9. Yangu ikisoma 7.5 siipeleki getini.

Kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa nachukua kisu kidogo cha kumenyea machungwa, nakiweka mezani chini ya daftari lililofunikwa, napitisha mashine juu. Lazima ilie. Narudia saa sita, narudia saa tisa alasiri. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Siku isipolia daftari likiwa juu yake, natoa betri hapo hapo, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, na nawaomba watu samahani wasubiri.

Ningeinunua mwenyewe? Mashine yenyewe, kwa kazi ya geti, ndiyo, mradi uukague mfuniko muuzaji akiwa mbele yako na ujaribu kuilegeza. Betri, chukua lithiamu mbili, moja ndani na moja mfukoni, na alkalini moja ya akiba kwa siku stima inapopotea usiku na hukuchaji. Nimemwandikia msimamizi hivyo hivyo. Lithiamu ya pili bado haijafika. Hii ya kwanza naichaji nyumbani kwa chaja ya simu yangu.