Deye ya kilowati 5 kwenye nyumba yenye LUKU: kuuzuia umeme wa sola usirudi kwenye nguzo

Kwa nyumba ya kawaida ya Mbeya, Iringa au Njombe, Deye SUN-5K-SG03LP1 ni inveta tunayoipendekeza bila kusita, na sababu kubwa ni uwezo wake wa kuuzuia umeme wa sola usivuje kwenda kwenye gridi. Dukani utaelezwa habari za kilowati na betri tu. Suala la kuvuja huja kujulikana baadaye, uniti zinapoanza kupotea.

Mita nyingi za malipo ya kabla hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka. Kinachosukumwa nje hukatwa kama matumizi. Jua limewaka, betri imejaa, nyumbani hakuna mtu, na bado LUKU inashuka. Hapo wengi humlaumu TANESCO kumbe inveta yao ndiyo inayogawa umeme kwa jirani, tena kwa uniti walizonunua wenyewe.

Dawa iko kwenye kioo cha inveta, ukurasa wa "System Work Mode". Chagua "Zero Export To CT", kisha hakikisha kisanduku cha "Solar Sell" hakina tiki. Tiki hiyo ikibaki, ziada itauzwa nje hata kama jina la hali uliyochagua linasema hakuna kutoa. "Zero Export To Load" ni kitu kingine: inveta italisha vifaa vilivyofungwa kwenye tundu lake la "Load" pekee, na vilivyobaki kwenye bodi kuu vitaendelea kula LUKU.

Sasa CT yenyewe, ile klipu nyeusi inayokuja ndani ya boksi na kuipimia inveta mkondo unaopita kwenye waya. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ibane kwenye waya wa moto pekee, baada ya mita na kabla ya mahali waya unapogawanyika kwenda kwenye breka za nyumba. Ukibana moto na nyutro kwa pamoja, mikondo miwili inafutana na inveta inasoma sifuri siku nzima. Ukiibana baada ya mgawanyiko, jiko lililo upande wa pili halionekani kabisa. Mshale uliochorwa kwenye klipu uelekee inveta. Ukigeuzwa, inveta inaona umeme unaotoka kana kwamba unaingia, inaongeza nguvu ili kuufidia, unatoka mwingi zaidi, inaongeza tena, hadi inafika mwisho wa uwezo wake. Nyumba iliyokuwa ivuje wati 50 sasa inatoa kilowati nzima nzima.

Usimruhusu fundi aondoke kabla ya jaribio hili. Zima breka ya sola, ondoa tiki ya kuchaji betri kwa gridi, na kwenye "Time Of Use" weka kiwango cha betri 100% ili isitoe umeme. Chomeka birika la wati 2,000 kwenye soketi iliyo upande wa bodi kuu. Kioo kionyeshe gridi imepanda kwa takriban 2,000 bila alama ya kutoa. Ikisoma -2,000, geuza klipu. Isipobadilika kabisa, klipu iko mahali pasipo pake. Na nyumba yenye fezi tatu ijue mapema kwamba inveta hii ya fezi moja inaitazama fezi iliyofungwa tu.

Namba ndogo iitwayo "Zero-export Power" haipewi uzito unaostahili. Ni kiasi ambacho inveta inaendelea kukivuta kutoka TANESCO kama kinga, kwa sababu friji au pampu ikizima ghafla inveta huchelewa kidogo kupunguza, na kipande cha umeme kinachomoka nje. Maelekezo ya mtengenezaji yanashauri kati ya wati 20 na 100. Piga hesabu: wati 100 usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Aliye kwenye D1, kundi la bei la TANESCO kwa watumiaji wadogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, amemaliza karibu zote bila kuwasha taa. Anza na 20, tazama mita mchana betri ikiwa imejaa, upandishe kidogo kidogo ikiwa tu inavuja.

Baridi yetu nayo ina neno. Kikomo cha volti upande wa sola ni 500. Paneli za wati 550 zenye volti 50 kila moja zisipounganishwa na kitu (Voc), zikifungwa 10 kwa mfululizo, ziko ukingoni hata kwenye nyuzi 25. Asubuhi ya Julai pale Uyole au Makete, nyuzi 5, volti hupanda kwa asilimia 5 hivi, unafika 525, na inveta inaweza kuungua. Ziwe 9, au 8 ulale usingizi.

Anayetaka kuuza kwa halali anahitaji kwanza mkataba na TANESCO na mita inayosoma pande zote mbili. Baada ya hapo "Solar Sell" inawekwa tiki, na "Max Sell Power" inaandikwa kiwango cha mkataba kwa wati: kilowati 3 ni 3000.

Kwa wengine, ziada isiyotoka ina kazi nzuri huku kwetu: maji ya kuoga. Tundu la "GEN" linaweza kugeuzwa "SmartLoad Output" na kufungiwa hita ya wati 1,500. Weka iwake betri ikifika 98% na izime ikishuka 90%, sharti la nguvu ya sola liwe wati 500 ili isiwake usiku. Hita iwe na breka yake na thamostati nzima. Ila tundu hilo likishachukua hita, jenereta haiwezi tena kuingilia hapo.