John Wisden na Fred Lillywhite: nani alikuwa mchapishaji bora wa kriketi?
Kati ya Waingereza hawa wawili, Wisden ndiye aliyeujua mchezo kwa mkono wake, kwani mwaka 1850, pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London, aliwatoa wapigaji wote kumi wa timu ya Kusini mwa Uingereza katika zamu moja kwa kuziangusha wiketi zao, yaani vijiti vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji. Lillywhite, mtoto wa mrusha mpira mashuhuri, alimtangulia katika uchapishaji. Katika ziara ya Amerika Kaskazini ya mwaka 1859, ambayo Wisden alikwenda kucheza, Lillywhite alibeba hema na mashine ya kuchapia matokeo, mzigo uliowaudhi wenzake. Kwa bidii, namsifu zaidi Lillywhite. Hata hivyo, kitabu chake cha kriketi cha kila mwaka kilikoma mwaka 1866, ilhali cha Wisden, kilichoanza mwaka 1864 kwa kurasa 112 (zikiwamo, ajabu, habari za kesi ya Mfalme Charles wa Kwanza), kinatoka hadi leo.