Kijitabu cha shilingi 4,000 kilichoiruka shali

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, si mwalimu wa fasihi. Kijitabu hiki cha kuchambua hadithi fupi nilimnunulia binti yangu wa kidato cha tatu kwenye kibanda cha steshenari. Kurasa 48, zimebanwa pini mbili. Nimekisoma mwenyewe siku tatu nikisubiri wateja, maana mtoto alinijia na swali: "Mama, hivi nikiandika 'ana tamaa' tu, mwalimu atanipa maksi?"

Hadithi waliyoitolea mfano ni ile ya Mfaransa Guy de Maupassant ya mwaka 1884, ya mke wa karani aliyeazima kidani cha almasi aende nacho kwenye dhifa, akakipoteza. Wameisimulia upya kwa kurasa saba, Kiswahili kinateleza. Hapo sina neno. Shida ni uchambuzi.

Kwenye wahusika wameandika: Mathilde, ana tamaa, hana shukrani, mhusika bapa (yaani asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho). Mumewe, mpole. Basi! Hakuna tukio hata moja la kuthibitisha. Sasa nisikilizeni mimi ninayepima watu viuno. Mume anapomuuliza gauni la maana ni bei gani, Mathilde hakurupuki. Anapiga hesabu kwanza: nitaje ngapi asikatae papo hapo? Ndipo anasema faranga 400. Mume anapauka kidogo, kwa kuwa ndizo hizo hizo alizodunduliza anunue bunduki akawinde ndege na wenzake, lakini anazitoa. Wateja wa hivyo ninao, msimu wa sendofu wanajaa hapa kibandani. Ukimwita "mwenye tamaa" ukaishia hapo, umekata kitambaa bila kumpima mtu.

Migogoro ndiyo wameiboronga zaidi. Wametaja miwili, wa nafsi na wa kiuchumi, na suluhisho lake eti "watu waridhike na walicho nacho". Jamani, mgogoro wenyewe uko kwenye shali! Saa kumi alfajiri dhifa inakwisha. Mume, aliyekuwa amelala chumba cha pembeni tangu usiku wa manane, anamtupia mkewe mabegani nguo ya kujifunika, ile ya kila siku, na haiendani kabisa na gauni. Wenzake wanajifunika manyoya ya thamani. Mathilde anaona haya, anataka kutoka asionekane. Mume anamwambia angoje ndani amwitie gari la farasi. Hasikii, anashuka ngazi mbio. Wanahangaika na baridi barabarani kutafuta usafiri, na wakifika nyumbani kidani hakipo shingoni. Tabia ya mtu na mgogoro wake vimeshonwa kwa uzi mmoja pale, na kijitabu kimeiruka shali hata kwenye zile kurasa saba.

Halafu hilo "bapa". Wamekopa wakanunua kidani kingine kwa faranga 36,000, na kulipa deni kumewachukua miaka kumi. Mwanamke aliyekuwa na mtumishi sasa anapandisha maji ngazini mwenyewe na kugombana sokoni kwa senti moja moja. Lakini siku nyingine hukaa dirishani akaukumbuka usiku ule alivyopendeza. Mikono imebadilika, moyo je? Mimi na binti tulibishana mpaka wali ukashika ukoko.

Kilichonifanya nisikirudishe ni maswali ya mwisho. Moja linauliza kama Madame Forestier, mwenye kidani, alikosea kutosema mapema kwamba kilikuwa bandia, hakizidi faranga 500. Hilo swali zuri, ingawa majibu yao nyuma ni mstari mmoja: "Ndiyo, alikosea."

Kwa 4,000 nisingekinunua tena. Kwa 2,000, kwa ajili ya maswali, sawa. Na kifungue kabla ya kulipa. Changu ukurasa wa 31 na 32 umebanwa kichwa chini.