Gari dogo la foo-wili la zamani: lipi la kununua ukiwa Mombasa

Ukinichukua nikusindikize kuangalia gari, utanikuta na vitu vitatu mfukoni: sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi ndefu na tochi. Injini nitaiangalia mwisho. Injini ya Suzuki au Toyota ikifa, ukizunguka maduka ya spea utapata nyingine ya mtumba. Chasisi ikioza kwa chumvi, hapo umenunua vyuma chakavu.

Nimelijua hili kwa pesa zangu. Suzuki Sierra yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, rangi inang'ara, ndani imetandikwa zulia jipya lililogandishwa kwa gundi. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ilikuwa gari la daktari. Masika yalipoanza, nikawa napita daraja la Nyali kwenye mvua, maji yakanirukia kwenye suruali kutoka chini. Nikafika nyumbani, nikabandua zulia. Tundu la sakafuni lilikuwa limezibwa kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, likapakwa lami, na nusu ya maandishi ya debe bado yanasomeka.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza limetembea kilomita ngapi, uliza limelala wapi miaka yote hii. Gari lililokaa Nakuru au Eldoret miaka ishirini likateremka Pwani juzi, lichukulie kwa uzito hata kama viti vimechanika. Lililolala Shanzu au Nyali likiangalia bahari, likipigwa na kusi, lichunguze mara mbili. Baya kuliko yote ni lile lililokuwa likivuta boti: maji yakipwa linarudishwa nyuma mpaka ekseli zinaingia baharini, kisha linaachwa likauke na chumvi yake. Utalijua kwa hoki ya kuvutia iliyolika, na mchanga unaomwagika ukigonga ndani ya chasisi.

Lala chini ulione. Gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama unagonga papai. Kawia pale chasisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinapofungwa, na pale bodi inapokalia chasisi. Ukikuta uvungu wote umepakwa oili chafu jana yake, ufute kwa tambara kabla hujasema neno. Sumaku nayo ipitishe chini ya milango na kuzunguka kioo cha mbele. Isiponasa, ujue chini ya rangi ni puti. (Land Rover za zamani zisikutishe: bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, sumaku haitanasa hata liwe zima. Chasisi yake lakini ni chuma, na huoza kama za wenziwe.)

Jambo jingine: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo haya ya miaka ya themanini na tisini utayanunua kwa mtu aliye nalo hapa hapa. Ndipo madalali wanapoingia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; gari ambalo dalali amekupigia simu mara tano asubuhi moja, mimi silifuati.

Sasa ninavyoyapanga.

La kwanza ni Suzuki Vitara ya zamani, ambayo ikitoka Japani huitwa Escudo, ile iliyoanza 1988. Injini ya lita 1.6, chasisi ya ngazi kama ya lori, springi za duara, na giamkono ndogo ya pili yenye gia nzito za kupandia mlima. Barabara ya lami unakaa kwa raha, na ukielekea Kinango mvua imenyesha unafika. Chukua ya milango mitano kama una familia. Ile ya milango mitatu bibi yangu aliipanda mara moja akasema hatorudia, kushuka kiti cha nyuma ni mazoezi. Udhaifu wake mkubwa ni difu ya mbele, yaani lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kava lake ni la aluminiamu, na wanaopenda kuirusha kwenye mashimo ikiwa kwenye foo-wili hulipasua. Tazama kama kuna oili inayovuja hapo au alama za kuchomelewa. Mkanda wa taiming usimwamini mtu. Badilisha wiki ya kwanza.

La pili ni Toyota RAV4 ya kizazi cha kwanza, ya kuanzia 1994. Wapenda msitu watanicheka, maana haina gia nzito wala chasisi ya peke yake. Lakini tuseme kweli: wengi wetu safari ngumu kuliko zote ni kichochoro cha mchanga cha kwenda shamba Utange. Kwa hilo RAV4 inatosha na inabaki. Injini yake ya lita 2, 3S, imefungwa kwenye Toyota nyingi mno, kwa hiyo fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua. Angalia kitu kimoja tu: zilitoka pia zinazovutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Chungulia uvunguni. Huoni propela (ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma) na difu ya nyuma, basi si foo-wili, hata kibandiko cha mlangoni kiseme nini.

La tatu ni Sierra, pamoja na binamu yake wa Kihindi, Maruti Gypsy, ambayo ni ndefu kidogo na inabeba watu na mizigo zaidi. Kwa kupenya kwenye matope sijaona mdogo anayeishinda. Ni nyepesi, ikikwama vijana wanne wanaiinua. Ila springi zake ni za majani, kila tuta la Bamburi utalihesabu kwa uti wa mgongo, na ya injini ya lita 1 haina haraka kabisa: kupanda Mazeras na mzigo utapitwa na malori. Tafuta yenye 1.3. Ni nyembamba na imesimama juu, kona uziendee kwa adabu. Ningeipa nafasi ya pili kama zisingekuwa zimeoza nyingi kiasi hiki hapa Pwani.

Jimny ya kuanzia 1998 kwa kweli ni gari bora kuliko Sierra kwa kila kitu: springi za duara, ekseli imara, gia nzito. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya bei, maana kila kijana anaitaka na wauzaji wanajua. Ukiijaribu, iendeshe kati ya 60 na 80. Usukani ukianza kutetemeka mpaka mikono inacheza, beringi na bushi za mbele zimekwisha. Si mwisho wa dunia, lakini bei ishuke. Taa ya foo-wili ikipepesa bila kutulia, mara nyingi ni mipira ya hewa ya kufungia magurudumu ya mbele imepasuka, na dalali atakwambia ni taa tu. Zile ndogo za sisi 660 zenye tabo, zipishe, labda kama fundi wako amewahi kuzishika.

Daihatsu Terios, au Toyota Cami ambayo ni pacha wake, ni ya mtu wa mjini mwenye pesa kidogo. Injini 1.3, nyembamba, inaingia popote pa kuegesha Mwembe Tayari. Feroza nayo ni gari la kiume, lina chasisi na gia nzito, lakini spea zake utazitafuta mpaka uchoke.

Pajero iO yenye injini ya GDI, ile inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usininunulie hata kwa zawadi. Pampu yake ya mafuta haivumilii petroli chafu, na bomba la hewa linajaa masizi.

Ukishalipenda mojawapo, lijaribu. Foo-wili ya kuingiza mwenyewe ijaribu kwenye mchanga, kamwe si kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma huzunguka mwendo tofauti na gari litajikaza. Kama habu za mbele ni za kufunga kwa mkono, zizungushe mwenyewe. Nyingi zimeganda kwa kutu kwa kuwa hazijaguswa miaka. Halafu liache likiunguruma limesimama nusu saa, eyasi (kipoza hewa) imewashwa, kama vile uko foleni ya feri Likoni saa saba mchana. Rejeta mbovu itajitangaza.

Karatasi zina hila yake. Namba ya KA haikuambii gari limeundwa lini, inakuambia limesajiliwa Kenya kati ya 1989 na 2007. Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, ilinganishe na logibuku. Magari ya Pwani mengine namba imeliwa na kutu, na hilo litakusumbua siku ya kuuza. Fanya upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuona kama benki ina jina lake humo. Mwulize wa bima mapema, maana kampuni nyingi hazitaki kuliwekea gari kuukuu bima kubwa. Theluthi ya pesa zako iache nyumbani kwa ajili ya matairi, bushi na kuchomelea. Na usihesabu noti zako mbele ya mwenye gari kabla hajafanya upande wake wa uhamisho wa umiliki kwenye simu yake, mkiwa mmekaa pamoja. Akisema mtandao uko chini, mwambie utarudi kesho.